R ya Walubengo

Siku ya soko Kitale haina adabu. Mikokoteni inakusukuma, kabeji zinabiringika miguuni, na kila mtu anaita kila mtu mteja. Asubuhi hiyo ya Januari mwaka wa 2005, Waruguru binti Hiram alikuwa anakata njia nyuma ya stendi, mfuko wa nguo za mitumba begani, sketi yake ya bluu imepigwa pasi mpaka inang'aa, aliposimama ghafla hata mama muuza nyanya aliyekuwa nyuma yake akamgonga mgongoni na beseni.

Juu ya ngazi, kijana mrefu mwenye shati la jinzi lililojaa madoadoa ya rangi alikuwa anamalizia ukuta wa hoteli. Herufi nyekundu zilikuwa zimesimama wima, kila moja na kivuli chake cha manjano. Mandazi aliyochora yalikuwa yanafuka mvuke, na kikombe cha chai ungetamani kukishika. Lakini maneno yenyewe yalisema hivi: KALIBU HOTELI. CHAI, MANDAZI, WARI.

"Wewe wa juu!" Waruguru aliita.

"Sasa, madam."

"Sasa nini? Karibu ni R, na wali ni L. Umezigeuza."

Kijana akarudi nyuma kidogo juu ya ngazi yake, akautazama ukuta kwa makini, halafu akamtazama Waruguru.

"Basi zote ziko," akasema. "Hakuna iliyopotea."

Waruguru alicheka mpaka akaweka mfuko chini. Hakuwa amepanga kucheka. Alikuwa amepata A ya Kiswahili kwenye mtihani wa kidato cha nne, na hakuna mtu mtaa mzima wa Kibomet ambaye hakuwa ameambiwa habari hiyo angalau mara mbili. Makosa ya Kiswahili yalikuwa yanamwasha kama upupu. Hata hivyo aliondoka pale bila kuona herufi zozote, ila meno ya yule kijana na jinsi alivyoshika brashi, taratibu, kama mtu anayelisha mtoto uji.

Jumatatu iliyofuata wakakutana tena, safari hii kwenye ukumbi wa kanisa Kibomet. Kulikuwa na mradi uliokusanya vijana wa Trans-Nzoia na Bungoma na kuwapachika kwenye vikundi vya sanaa vya mitaani, wajifunze kufanya biashara inayoinua jamii badala ya kunenepesha mfuko wa mtu mmoja. Mkufunzi wao, Madam Chelangat, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na kila asubuhi alianza kwa maswali mawili: "Nani atalipa? Na nani atainuka?" Usipokuwa na jibu la yote mawili, unakaa chini.

"Walubengo, wa Sirisia," kijana wa ngazi alijitambulisha zamu yake ilipofika. "Mimi nachora." Halafu akamwona Waruguru mstari wa pili, akatabasamu. "Na kuna mtu hapa ananisahihishanga."

Wote wawili walipelekwa kikundi kimoja, cha Mama Gladwell. Wanawake wale walikuwa wanaimba na kucheza kwenye harusi na harambee zote za Kitale, na malipo yao yalikuwa soda na makofi. Waruguru ndiye aliyekuja na wazo. Kila mwaka, mashindano ya muziki ya shule yakikaribia, walimu walikuwa wanazunguka mji mzima wakitafuta mavazi ya kuchezea. Kwa nini kikundi kisishone maleba na kuyakodisha? Naye Walubengo akaongeza lake: magunia yaunganishwe, yapakwe rangi, yawe mapazia ya jukwaani.

"Nani atalipa?" Madam Chelangat aliuliza.

"Shule," alijibu Waruguru.

"Nani atainuka?"

"Hawa mama zetu," alisema Walubengo. "Na sisi tutakuwa tumewashikiria."

"Tumewashikilia," Waruguru alinong'ona.

"Hata hivyo," akajibu Walubengo, na ukumbi mzima ukacheka.

Mama Gladwell akawapa stoo kuukuu ya mahindi ya mume wake. Wakafagia, wakapaka chokaa, wakaingiza cherehani. Jina la pale waliliafiki wote: Mahali Petu. Kwa majina ya watu kulikuwa na balaa nyingine. Mama Gladwell alimfupisha Waruguru akawa Waru, na Walubengo akawa Walu. Na kwa kuwa ulimi wake, kama wa Wakikuyu wengi, haukuwa na urafiki na L, akiita mmoja walikuwa wanageuka wote.

"Waru!"

"Mimi ama yeye?" walikuwa wanauliza kwa pamoja.

"Yeyote mwenye mikono!"

Mchana, kazi ikipoa, Waruguru alikuwa anamfundisha Walubengo kutamka, naye anafundishwa kuchora mstari ulionyooka.

"Sema lori."

"Roli."

"Lo-ri, Walu."

"Waru wangu, hata ukinipeleka bodingi, hii ni roli. Na inabeba mahindi vilevile."

"Usiniite waru wako. Waru ni viazi."

"Na kuna chakula gani kitamu kushinda viazi?"

"Haya, acha utani. Sema mahali petu."

"Mahari yetu."

"Uuwi! Walu, sikiza. Mahali na 'ya' hazijawahi kukaa pamoja. Ni mahali petu, mahali pako, mahali pangu. Ukiandika mahali yetu kwa hilo bango, watu wataona hatujasoma. Rakini wewe husikii!"

Walubengo akaweka brashi chini. "Umesema nini hapo mwisho?"

"Nimesema lakini."

"Hapana bana. Umesema rakini. Nimesikia na haya masikio."

Waruguru akamtupia kipande cha gunia. Lakini wiki nzima Walubengo alionekana akipanda na kushuka ngazi huku akijisomea: petu, pako, pangu. Na bango lilipopandishwa juu ya mlango, MAHALI PETU, halikuwa na kosa hata moja. Waruguru alisimama barabarani akalitazama, na alihisi fahari ambayo hata ile A haikuwahi kumpa.

Penzi lenyewe halikutangazwa siku moja. Lilianza na koti ambalo Walubengo alimfunika Waruguru mvua ilipopiga mabati, likaendelea na chapati moja iliyogawanywa mara mbili. Wikendi Walubengo akienda kwao Sirisia, simu yake ndogo ilikuwa inaflash, yaani inalia kwa Waruguru na kukatwa kabla ya kupokelewa: mara moja nimefika, mara mbili nimekukumbuka. Jumapili moja iliflash mara tisa, Waruguru akalazimika kupiga.

"Wewe, kwani kuna nini?"

"Nilikuwa nataka kusikia sauti."

"Umeisikia. Sasa?"

"Sasa nataka kuisikia kila siku, Waru. Sio utani."

Waruguru aliacha mzaha. "Na mimi pia," alisema, na kredo ya simu ikaisha hapohapo.

*

Mwezi wa Mei ikafika siku ya wageni. Wafadhili walikuwa wanatoka Nairobi kuja kuona kama Mahali Petu ni kazi au ni maigizo, na wakiridhika, kikundi kingeongezewa cherehani. Waruguru alivaa gauni la kitenge alilojishonea, la kijani lenye mikono ya puto, akafika mapema kabla ya wenzake.

Juu ya cherehani yake kulikuwa na kibao kipya ambacho hakuwa amekiona jana. Kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote Walubengo aliwahi kuchora. Herufi za dhahabu zilikuwa zimezungushiwa maua ya mahindi, na chini yake ng'ombe wadogo wa kahawia na weupe walikuwa wamejipanga mstari. Hao ng'ombe hawakumshangaza, maana Walubengo alikuwa anachora ng'ombe hata kwenye pazia la hadithi ya samaki. Kilichomkata maini ni maneno: HII NI MAHARI YAKO.

"Ai, Walu!" alisema peke yake. "Leo? Leo kweli?"

Alikisia upesi kilichotokea. Walubengo alitaka kumwandikia kwamba hapa ni mahali pake, na ule ulimi wa Bungoma ukamponza tena, siku wageni wanakuja. Hakuwa na muda wa kurekebisha sentensi nzima. Alichukua kisu, akakwangua R, akachovya brashi kwenye rangi ya dhahabu na kuweka L. Ilipinda kidogo, lakini ilikuwa L. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa, na hilo lazima lisemwe. Alidhani anamfichia aibu mtu anayempenda.

Wageni walipoingia, Mama Gladwell na wenzake waliwapokea kwa wimbo, wakiwa wamevaa yale maleba: sketi za katani, kanzu za magunia zilizotiwa nakshi, vilemba vya vyandarua vikuukuu vilivyopakwa rangi ya anga. Mgeni mmoja aliinamia cherehani akasoma kibao kwa sauti.

"Hii ni mahali yako. Ni kazi nzuri sana hii."

"Mngeona vile ilikuwa!" Waruguru alisema, furaha imempanda kichwani. "Alikuwa ameandika mahari! Msanii wetu mkono wake ni dhahabu, ila herufi ndizo humtoroka. Nimemsahihishia leo asubuhi."

Watu wakaangua kicheko. Walubengo alikuwa mlangoni amebeba kreti ya soda. Alikitazama kibao, akaitazama ile L. Aliweka kreti chini polepole, akawasalimia wageni mmoja mmoja kwa heshima, akatoka nje.

Hakurudi. Jioni Madam Chelangat alimwambia Waruguru kwamba Walubengo ameomba kuhamishiwa kikundi cha Sirisia, na yeye amemkubalia. Waruguru alipiga simu, ikakatwa. Alituma ujumbe: *Walu, ni nini?* Jibu lilikuja baada ya saa nzima: *Umesahihisha. Asante.*

Basi hapo Waruguru naye akapanda mori. Mwanaume gani huyu hawezi kuguswa herufi moja? Yeye angesahihishwa mara ngapi na asinune! Wiki tatu zikapita. Cherehani mpya zikaja. Shule zikaanza kuagiza, moja ya Moi's Bridge, mbili za mjini, hata moja ya Sirisia, na wanawake waliokuwa wanalipwa soda sasa walikuwa wanajibu simu wakisema, "Ngoja niangalie kama tuna nafasi." Mama Gladwell alikuwa anatembea Kibomet kidevu kiko juu. Kila mtu alikuwa anampongeza Waruguru, naye alikuwa anashona kichwa chini, chini ya kibao cha ng'ombe, anamkosa mtu yule mpaka kula kunamshinda.

Asubuhi moja ya Juni kiburi kilimwishia, akapiga simu tena. Ilipokelewa na mwanamke.

"Halo? Simu ya Walubengo. Ameiacha hapa kwa chaji. Mimi ni shangazi yake, Mwalimu Agneta."

"Habari yako, Mwalimu. Ni Waruguru wa Kitale."

"Aaa. Kumbe ni wewe. Wewe ndiye ulikataa mahari."

"Mimi? Sikukataa, Mwalimu! Nilipapenda sana pale mahali. Ndipo ninapofanyia kazi hadi leo."

"Binti yangu," alisema Mwalimu Agneta, pole pole, "nimefundisha Kiswahili miaka ishirini. Nikisema mahari nimemaanisha mahari. Ile inayopelekwa kwenu ndio uolewe."

Waruguru akashika ukingo wa meza.

"Huyo mtoto alinipigia simu mwezi wa tano," Mwalimu aliendelea. "Akaniuliza, Senge, maana ndivyo tunavyoita shangazi kwetu, mahari ya kuoa ni R ama L? Nikamwambia ni R. Akaniuliza mara tatu. Ati hataki kukosea hata kidogo kwa sababu msichana mwenyewe alipata A. Akasema hana kitu sasa, lakini ataandika kwa mkono wake ahadi ya kile ataleta, na ng'ombe atawachora, mpaka siku ataleta wa ukweli. Halafu nasikia umekwangua, na ukawaambia wageni wacheke."

Waruguru alikata simu bila kuaga. Akainua macho. Ng'ombe walikuwa pale pale, wamejipanga kama wanaoingia boma la watu. Na maneno! Yeye mwenyewe ndiye aliyemkaririsha wiki nzima kwamba mahali na 'ya' hazikai pamoja. Walubengo alikuwa ameshika somo. Hii ni mahari yako: sentensi haikuwa na kosa popote, mpaka yeye, mwenye A yake, alipokuja na kisu akaiharibu.

Alilia hapohapo, machozi yakadondokea kitambaa cha watu.

"Waru?" Mama Gladwell alikuwa mlangoni. "Ni nani amekufa?"

"Hakuna. Mama, zile kostyumu za shule ya kule Sirisia zinaenda lini?"

"Kesho. Na pikapu."

"Nitakuja. Na nitabeba hiki kibao."

Jioni Hiram, baba yake, mnunuzi wa mahindi asiyependa maneno mengi, alikuta kibao kimeegemezwa ukutani nyumbani. Aliwatazama wale ng'ombe muda mrefu, akainama kumtazama mmoja mwenye baka kwenye paji la uso.

"Nani amechora hii?"

"Kijana mmoja, baba. Wa Bungoma."

"Anajua ng'ombe," alisema Hiram, akaenda kulala.

*

Sirisia nako ilikuwa siku ya soko. Pikapu ilisimama karibu na wauza ndizi, na Waruguru akashuka na kile kibao kifuani, akimwacha Mama Gladwell na mizigo, amevaa lile gauni la kijani. Walubengo alikuwa amening'iniza pazia la magunia kwenye ukuta wa ukumbi, anachora Mlima Elgon, na wanawake wa kikundi chake kipya wakiwa pembeni wanashona shanga. Alimwona, brashi ikabaki hewani.

"Niaje, Walu."

"Poa."

"Nimekuja."

"Naona. Na umenirudishia kibao. Ungetuma tu na watu wa pikapu."

"Sikurudishii kitu." Hakushusha sauti, na wauza ndizi wakaanza kugeuka. "Nimekuja kusema mbele ya watu, kwa sababu nilikufanya uchekwe mbele ya watu. Hukukosea. Uliandika sawa, ukaandika vizuri kuliko mimi, na mimi ndiye sikusoma. Niliona herufi, sikukuona wewe. Nisamehe, Walu."

Walubengo alifuta mikono kwenye shati, pole pole.

"Unajua nilikaa na hiyo R muda gani?" aliuliza. "Maisha yangu yote nikichekwa, Waru. Shuleni, kanisani, kila mahari. Nikasema hii moja, hii ya kwako, itakuwa sawa. Na ikakuwa sawa. Nilikuwa najivunia mpaka nikashindwa kulala. Halafu wewe, sio mtu mwingine, wewe."

"Najua."

"Iliniuma sana."

"Najua, mpenzi. Nipe brashi."

Alimtazama kidogo, halafu akampa. Waruguru akapiga magoti pale chini kwenye vumbi, gauni na yote, akakwangua L yake kwa ukucha, na kwa rangi nyekundu ya machweo ya Elgon akachora R. Mguu wa mbele wa hiyo R ulienda mrefu mno, na tumbo likawa kubwa. Akainua kibao juu.

"Soma."

Walubengo alikohoa. Wauza ndizi walikuwa wamesogea karibu.

"Hii ni mahali yako," alisoma, kwa fahari yote, na L iliyo safi kabisa.

Mmoja wa wanawake wa shanga aliziba mdomo. Waruguru alifungua wake kumsahihisha, kwa mazoea, akaufunga. Alianza kucheka na kulia pamoja.

"Nimekubali," alisema. "Zote mbili, mahari na mahali. Na hiyo L yako pia."

"Hiyo R yako ni mbaya sana, lakini," alisema Walubengo, akimwinua kwa mikono yote miwili. "Inakaa kama mama mja mzito."

"Usiiguse. Ibaki hivyo."

Simu ya Waruguru ikalia. Alikuwa Hiram.

"Waruguru! Mumefika mahari?"

Waruguru alimtazama Walubengo, na kibao, na wale ng'ombe.

"Tumefika, baba. Na mahari iko hapa. Ile ya R."

Sauti za malori ya Moi's Bridge zilisikika nyuma ya Hiram.

"Nipe huyo kijana."

Walubengo alipokea simu kwa mikono miwili, akavua kofia kana kwamba anaonekana. "Habari yako, mzee. Naitwa Walubengo."

"Warubengo. Wewe ndiye mwenye ng'ombe wa mbao?"

"Ndiyo, mzee."

"Ni wazuri. Huyo mwenye baka nimempenda. Rakini mimi hata kibao kimoja sikami. Umesikia? Fanya kazi, arafu uje na wazee wako tuongee."

"Nitakuja, mzee. Ukweri nitakuja."

Alirudisha simu, uso unang'aa. Kutoka kwenye pikapu, mikono imejaa sketi za katani na subira imemwisha, Mama Gladwell alipaza sauti juu ya soko zima.

"Waru!"

Wote wawili waligeuka. Safari hii hakuna aliyeuliza ni nani anayeitwa. Walishikana mikono wakaenda kushusha mizigo.